Waifai ya nje Kimandolu: Pima mteremko na migomba kabla ya kutoa fedha

Na Mwandishi Wetu, Arusha

UKITOKA katikati ya Jiji la Arusha kwa barabara ya Moshi, Kimandolu ni miongoni mwa maeneo ambako mji na shamba bado vinagombania ardhi. Kando ya lami kuna maduka ya vifaa vya ujenzi, saluni, vibanda vya kutuma na kupokea fedha na maduka ya pembejeo. Ukiacha lami na kupanda kuelekea Mlima Meru, hazipiti dakika nyingi kabla hujajikuta kati ya migomba, migrivilea na mazizi ya ng'ombe wa maziwa.

Hali hiyo ndiyo inayofanya suala la intaneti kuwa gumu kuliko linavyoonekana. Mwenye duka la barabarani anaweza kuletewa intaneti ya mwezi na kampuni yenye leseni, akalipa mara moja na kuitumia atakavyo. Mfugaji aliye mita 600 juu yake anaendelea kukwangua vifurushi vya simu, kimoja asubuhi, kingine jioni, ili ajue bei ya pumba, ampigie daktari wa mifugo picha ya ndama anayeumwa, au aweke oda ya mbegu.

Wazo linalokuja haraka ni kuchanga. Tuchukulie watu 12: mwenye duka la pembejeo, wenye vibanda wawili watatu, fundi cherehani, na wafugaji na walima mboga wa huko juu. Wanachanga, wananunua vifaa vya kurusha waifai nje, intaneti moja ya barabarani inapanda hadi mashambani. Wazo si baya. Lakini fedha za kuchanga zina uchungu wake. Zikiishia kwenye vifaa visivyofaa, kinachovunjika si mtandao peke yake, ni kikundi chenyewe, na fundi aliyewashauri atakuwa ameshahamia kazi nyingine.

Ndiyo maana makala haya hayaanzi na majina ya vifaa. Yanaanza na mahali.

Namba zilizo kwenye boksi

Kifaa chenyewe mafundi hukiita aksesi pointi. Kazi yake ni kuchukua intaneti inayoletwa na waya na kuitoa hewani ili simu na kompyuta ziipate. Ile ya ndani ya nyumba ni boksi jepesi la plastiki lisilotaka maji. Ya nje imefungwa vizuri zaidi, huvumilia jua na mvua, na kwa kawaida hufungwa kwenye nguzo au ukutani chini ya paa.

Kwenye boksi la ya nje utakuta maandishi yanayovutia: inafika mita 300, mengine husema kilomita 5, mengine 15. Muuzaji naye ataongeza la kwake. Namba hizo si lazima ziwe za uongo, ila zimepimwa mahali ambapo si Kimandolu, na mara nyingi si kwa simu.

Mwaka 2007 wataalamu nchini Venezuela waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyo umbali wa kilomita 382 kwa kutumia vifaa vya waifai vya bei ndogo. Jambo hilo ni la kweli na limeandikwa sana. Lakini walikuwa na madishi makubwa pande zote mbili, yametazamana, na katikati hakukuwa na kitu isipokuwa hewa. Hakuna aliyekuwa ameshika simu ya mkononi chini ya mgomba.

Arusha yenyewe si ngeni katika mambo haya. Katika miaka ya 1990, wakati barua pepe ilikuwa kitu cha kusimuliwa, watumiaji wa hapa walikuwa na huduma yao iliyoitwa Arusha Node Marie, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Habari Node. Wazo la watu kumiliki mtandao wao wenyewe lilianza hapa kabla ya simu za mkononi kuenea. Baada ya mwaka 2002, ruta ya Linksys aina ya WRT54G ilipoingia sokoni, mafundi katika nchi nyingi walianza kuifungua, kuibadilisha programu, na kuiunganisha na antena za kutengeneza wenyewe, hata za makopo. Mwishoni mwa muongo huo vikaja vifaa vidogo vyeupe vya nje kama NanoStation ya kampuni ya Ubiquiti, na bei ya kuunganisha paa moja na jingine ikashuka sana.

Kilichobadilika tangu hapo ni kasi na bei. Tabia ya mawimbi haijabadilika, na ndiyo inayoamua.

Simu ndiyo yenye sauti ndogo

Mnadani, mwenye kipaza sauti husikika hadi mwisho wa uwanja. Mteja aliye nyuma akijibu kwa mdomo mtupu, yule wa mbele hasikii kitu. Biashara haifanyiki, hata kama kipaza sauti ni kikubwa kiasi gani.

Waifai ni mazungumzo ya pande mbili kama hayo. Aksesi pointi ya nje inaweza kurusha kwa nguvu mara kadhaa kuliko simu, lakini kila inachotuma lazima simu ijibu kwamba imepokea. Simu ina antena ndogo na betri ya kuilinda, kwa hiyo inajibu kwa sauti ya chini. Matokeo yake ni hali ambayo wengi wameiona bila kuielewa: alama ya waifai kwenye simu imejaa, lakini ukurasa haufunguki.

Kwa hiyo, kuongeza nguvu ya kurusha si dawa. Kinachosaidia ni antena nzuri, kwa sababu antena husikia vizuri kama inavyosema vizuri, na zaidi ya hapo ni kukisogeza kifaa karibu na watu. Kumbuka pia kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika hupungua hadi robo, hata kama hakuna jani wala ukuta katikati.

Kwa watu walio na simu za kawaida katika eneo lenye miti kama hili, anayeahidi zaidi ya mita 100 au 150 kwa aksesi pointi moja anatakiwa aonyeshe kwa vitendo. Vifaa vitatu vya kawaida vilivyopangwa vizuri vitawahudumia watu wengi kuliko kimoja cha bei kubwa kilichopandishwa juu ya nguzo ndefu. Huo ndio msimamo wa makala haya, na sababu zake zinaendelea hapa chini.

Mteremko hula antena ndefu

Watu wengi wakifikiria antena ya nje huona ile fimbo ndefu nyeupe inayorusha pande zote. Inapendeza kwa sababu mtu anadhani imetoa mduara mkubwa kama taa. Ukweli ni kwamba fimbo ikiwa na nguvu zaidi, haiongezi kitu, bali inabana mwale wake uwe mwembamba kama chapati. Antena ya aina hiyo ya desibeli 12 mara nyingi hutoa mwale wenye unene wa nyuzi 7 hivi, yaani nyuzi tatu na nusu juu ya mstari wa usawa na tatu na nusu chini yake.

Kwenye tambarare kama za Ngorongoro hilo si tatizo. Kwenye miteremko ya Meru ni tatizo kubwa.

Fanya hesabu. Chukua mahali ambapo ardhi inashuka mita 10 kwa kila mita 100, na nguzo ina urefu wa mita 8. Mtu aliyeshika simu mita 100 upande wa chini yuko karibu mita 17 chini ya antena. Hiyo ni sawa na nyuzi karibu 10. Mwale unampita juu ya kichwa, na anachopata ni mabaki. Upande wa juu nako, mwale uliolala usawa unagonga udongo ukiwa umekwenda mita 80 tu. Mwenye nyumba iliyo jirani na nguzo atalalamika kuliko aliye ng'ambo ya bonde, na fundi atasema kifaa ni kibovu. Kifaa ni kizima.

Kwenye mteremko, antena inayofaa zaidi ni ile ya bapa, inayotazama upande mmja kwa upana wa nyuzi 90 au 120, ambayo mafundi huiita sekta. Unaifunga upande wa juu wa eneo, unaiinamisha kidogo itazame chini, na nyumba zote zinakuwa mbele yake. Kama ni lazima kurusha pande zote, chukua antena fupi ya desibeli 5 au chini ya hapo. Mwale wake ni mnene, unashika wa juu na wa chini, ingawa haufiki mbali.

Mvua haina kosa, majani ndiyo yenye kosa

Ni kawaida kusikia kwamba waifai ya nje hufa wakati wa masika kwa sababu ya mvua. Kwa masafa yanayotumika sana, yaani gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na kwa umbali wa kilomita moja au mbili, mvua yenyewe haipunguzi kitu cha kuonekana. Mvua huwa adui kwenye masafa ya juu sana, kama gigahezi 60.

Kinachozuia ni jani lililolowa. Maji hunyonya mawimbi, na mgomba ni maji matupu kuanzia shina hadi jani. Mstari uliokuwa unapenya vizuri kwenye migrivilea wakati wa kiangazi unaweza kukatika Aprili bila mtu kugusa chochote. Masafa ya gigahezi 5 huzuiwa zaidi kuliko 2.4, na ndiyo maana fundi aliyepima Januari na kuondoka huwa amepima nusu tu ya kazi.

Kuna jambo jingine ambalo macho hayalioni. Ukisimama juu ya paa la duka ukaona paa la mfugaji kule juu kupitia uwazi mdogo kati ya miti, unaweza kudhani njia iko wazi. Mawimbi hayapiti kama uzi uliovutwa. Yanahitaji nafasi iliyovimba katikati kama muhogo. Kwa umbali wa kilomita moja, nafasi hiyo katikati ya njia ina mita 3.6 kila upande wa mstari kwa masafa ya gigahezi 5.8, na mita 5.6 kwa gigahezi 2.4. Mafundi hutaka angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yaani zaidi ya mita 2 kwa ile ya kwanza na zaidi ya mita 3 kwa ya pili. Tundu la kuchungulia halitoshi.

Na miti haisimami. Mgrivilea mchanga kwenye udongo mzuri unaweza kuongezeka hata mita mbili kwa mwaka. Njia iliyo wazi leo inaweza kuzibwa kabla kikundi hakijamaliza kurudisha fedha zake. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo, uliza mti uliopo katikati ni wa nani, na kama yuko tayari kuupogoa. Ni swali la kijirani kuliko la kiufundi, lakini limekwamisha mitandao mingi kuliko ubovu wa vifaa.

Wapo waliolikwepa tatizo la miti na umbali kwa kubadilisha masafa kabisa. Kondoa, mkoani Dodoma, mtandao wa jamii ulioanzishwa kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma ulitumia masafa ya televisheni yasiyotumika. Nanyuki, nchini Kenya, mradi wa Mawingu ulifanya hivyo kuanzia mwaka 2013 ukishirikiana na Microsoft, na vituo vyake vilitumia umeme wa jua. Masafa hayo ni ya chini, kwa hiyo hupenya majani na kufika mbali. Lakini simu hazina uwezo wa kuyapokea moja kwa moja; yanaleta intaneti hadi shuleni au dukani, halafu waifai ya kawaida inaendelea. Tena yanahitaji kibali maalumu cha serikali. Kwa kikundi cha watu 12 ni safari ndefu.

Usiitumie njia moja kwa kazi mbili

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kugundua. Aksesi pointi nyingi zinaweza kupokea intaneti hewani kutoka kwa mwenzake na papo hapo kuigawa hewani kwa simu. Muuzaji atasema huhitaji waya wala kifaa kingine. Ni kweli, lakini redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Kila inapopokezana hivyo, kasi hushuka hadi nusu. Vituo vitatu vikipokezana kwa mfuatano, wa mwisho anabaki na makombo.

Utaratibu unaodumu ni kutenganisha. Kutoka paa la duka hadi paa la mfugaji unafunga jozi ya vifaa vya kutazamana, vyenye antena za upande mmoja, kwenye masafa ya gigahezi 5. Kazi yao ni kusafirisha tu, hakuna simu inayoingia huko. Kule juu, waya unatoka kwenye kifaa hicho kuingia kwenye aksesi pointi inayogawa kwa watu. Jozi hiyo haina bei kubwa kama inavyodhaniwa, na ndiyo inayofanya mtandao uwe mtandao.

Kwa upande wa kugawa, chukua kifaa chenye masafa yote mawili, 2.4 na 5. Simu nyingi za bei nafuu zina 2.4 tu, kwa hiyo usidanganyike na kasi kubwa iliyoandikwa kwa ajili ya 5. Hali kadhalika, maandishi ya Waifai 6 ni mazuri, ila kama simu za wanachama ni za miaka mingi, mnalipia kitu ambacho hakuna atakayekitumia kwa sasa. Kwenye 2.4 kuna njia tatu tu zisizogongana, namba 1, 6 na 11. Vituo vitatu vipewe kila kimoja njia yake.

Idadi ya watumiaji nayo ina mtego. Boksi linaweza kusema watu 200 au zaidi. Hao ni wanaoweza kuandikishwa, si wanaoweza kutazama video. Panga watu 30 wanaotumia kwa pamoja kwa redio moja ya bei ya kawaida, usizidi sana hapo. Mwambie fundi pia azime kasi zile za chini kabisa za zamani. Simu moja iliyo pembezoni, inayovuta kwa kasi ndogo, hushika hewa kwa muda mrefu na kuwachelewesha wote, kama lori bovu mbele ya msafara kwenye barabara nyembamba.

Umeme, na jinsi ya kuuvuka usiku bila TANESCO

Vifaa vya nje havina waya wa umeme wa kawaida. Umeme hupanda kupitia waya uleule wa netiweki, mpango unaoandikwa PoE kwenye boksi. Hapa kuna familia mbili ambazo hazielewani kila mara. Moja ni ya kiwango cha kimataifa, volti 48 hivi, ambayo huulizana kwanza na kifaa kabla ya kutoa umeme. Nyingine ni ya volti 24 inayotoa tu bila kuuliza. Ukichomeka kifaa cha familia moja kwenye umeme wa nyingine, bahati nzuri kitakataa kuwaka. Bahati mbaya kitaungua. Viko vinavyokubali zote mbili, kwa mfano TP-Link EAP225-Outdoor. Hiyo ni sifa ya kuiulizia dukani kabla ya kuuliza kasi.

Gharama ya umeme si ya kutisha. Kifaa kinachokula wati 8 usiku na mchana hutumia uniti zisizofika 6 kwa mwezi. Linaloumiza ni kukatika. Vifaa vitatu vya wati 8 vinahitaji wati-saa 288 ili kuvuka saa 12 bila umeme. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 50 ina wati-saa 600 kwa hesabu ya karatasini, lakini betri ya risasi isishushwe chini ya nusu kama unataka idumu. Ina maana unabaki na 300, na hapo hujatoa kinachopotea njiani. Nunua iliyo kubwa kidogo.

Wengi huweka inveta ili kubadilisha umeme wa betri kuwa volti 230, halafu kichaji kidogo kinaurudisha kuwa volti 24. Kila mageuzi hula sehemu yake. Kwa vifaa vya volti 24, betri mbili za volti 12 zikiunganishwa kwa mfuatano zinaweza kulisha moja kwa moja, mradi usome kwanza maelezo ya kifaa kinavumilia hadi volti ngapi. Betri hizo zikiwa zinachajiwa hupanda hadi volti 28 na zaidi. Kaskazini mwa Uganda, mradi wa BOSCO uliopeleka mawasiliano kwenye kambi za waliokimbia vita kuanzia mwaka 2007, ulitumia vifaa na kompyuta zinazokula umeme kidogo ili paneli za jua zitoshe. Walianza kwa kuhesabu wati, kisha wakachagua vifaa.

Waya mweusi wa shaba

Kama kuna mahali pa kutobana matumizi, ni hapa. Waya mwingi wa netiweki unaouzwa kwa bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba juu. Upinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba tupu, kwa hiyo umeme unaofika juu ya nguzo unakuwa pungufu, na kifaa kinazima na kuwaka chenyewe hasa kikiwa na watumiaji wengi. Kwangua ncha ya uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, rudisha.

Waya wa nje uwe na ganda jeusi linalovumilia jua. Ule wa kijivu wa ndani ya nyumba hupasuka ukipigwa na jua kwa muda, maji yanaingia, na yanatembea ndani ya ganda hadi kwenye kifaa. Urefu wote usizidi mita 100. Kabla waya haujaingia kwenye kifaa au ukutani, ushushwe kwanza chini kisha upande, ili maji ya mvua yadondokee kwenye kona hiyo.

Kuhusu radi, hakuna kifaa kinachozuia ikipiga moja kwa moja. Lakini radi inayopiga mita mia kadhaa kutoka hapo huleta umeme kwenye waya mrefu, na huo unazuilika. Nguzo iunganishwe na ethi kwa waya mfupi ulionyooka, na vikinga radi viwekwe ncha zote mbili za waya wa netiweki, juu na chini. Udongo ukikauka ethi hudhoofika, kwa hiyo rodi ifike chini kwenye unyevu.

Ukifika dukani

Tazama herufi IP na namba zake mbili. Ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP65 hustahimili maji ya kurushwa kama kwa mpira, IP67 hata kuzamishwa kwa muda mfupi. Chini ya miambaza ya paa, IP65 inatosha. Juu ya nguzo wazi, lipia zaidi kidogo.

Uliza kama kifaa kinaweza kusimama chenyewe au kinahitaji kompyuta ya kukiongoza. Baadhi hupangwa kwa simu tu na kuendelea na kazi. Vya MikroTik vina uwezo mkubwa kwa bei ndogo, lakini mpangilio wake unahitaji mtu aliyesomea. Kama fundi wenu ni mmoja na anaweza kuhama, fikirieni mara mbili.

Vifaa vilivyotumika, vinavyotoka ng'ambo, vinavutia kwa sababu ni vya majina makubwa. Kuweni macho. Vingi vya aina hiyo vimeandikishwa kwenye akaunti ya mmiliki wa kwanza, na bila yeye kuviachia havifunguki. Vingine, kama Meraki ya kampuni ya Cisco, huacha kufanya kazi leseni yake ya kulipia ikiisha. Kinawaka taa, ni kizuri, na ni tofali. Msilipe kabla ya kukiona kikipangwa upya mbele yenu na simu ikiingia.

Hakikisheni pia kifaa ni cha aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na fundi akichague kwa nchi ya Tanzania kwenye mpangilio. Wapo wanaoweka nchi nyingine ili kupata nguvu kubwa ya kurusha. Ni kuvunja kanuni, na kama ilivyoelezwa hapo juu, simu ya mfugaji haitapata sauti kubwa kwa sababu hiyo.

Kuchangia ni kitu kimoja, kuuza ni kingine

Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kutoa huduma ya intaneti kwa umma kunahitaji leseni ya TCRA. Kikundi kikianza kuuza vocha za waifai kwa wapita njia, kimeshaingia kwenye biashara hiyo. Aidha, mikataba mingi ya intaneti ya nyumbani au ya duka hairuhusu kuigawa nje ya jengo. Njia salama ni kumweleza mtoa huduma mwenye leseni mnachotaka kufanya tangu mwanzo, na kuuliza kama anakubali kuwa ndiye mtoa huduma huku kikundi kikiwa wakala au mteja mmoja wa pamoja. Wapo watakaokataa. Bora kujua hilo kabla ya kununua nguzo.

Kabla ya kununua vifaa vyote, nunueni au azimeni kimoja. Kifungeni kwenye bomba la muda mahali mnapotaka nguzo iwe, kisha mtu atembee na simu yenye programu ya bure ya kupima nguvu ya waifai, aandike namba kwenye daftari katika kila nyumba. Namba hizo zina alama ya kutoa: -60 ni bora kuliko -80. Hadi -65 mambo ni mazuri, -75 ni ya kubahatisha, kuvuka -80 hakuna kitu. Kazi hiyo ifanywe asubuhi baada ya mvua ya usiku, majani yakiwa bado yanadondosha maji. Ikishindikana kusubiri masika, toeni desibeli 10 kwenye kila namba mliyopata wakati wa kiangazi na muone ni nyumba ngapi zinabaki.

Daftari hilohilo liandikwe nguzo iko kwenye ardhi ya nani, nani analipa umeme wake, na nywila za vifaa zinatunzwa na watu gani wawili, fundi asiwe mmoja wao.